Chupa ya Kivulini

Enzi za Mwingereza, mume wangu Kibwana alifanya kazi Korogwe kwa Mzungu mmoja aliyechunguza maji. Siku moja akarudi na chupa mbili pana za maji ya bwawa la Handeni, lile la kunyweshea ng'ombe, zina utando wa kijani. Uchafu mtupu! Mzungu alitaka moja ikae juani, nyingine kivulini. Kibwana, mtu wa wake wawili, akaona agawe kwa haki: ya jua akanipa mimi, Zamda, mke mkubwa; ya kivuli akampa Hamisa, bi mdogo, ambaye nyumba yake ya nyuma haioni jua hata saa sita mchana.

Haukupita muda, yangu ikapauka, ikawa manjano manjano. Ya Hamisa ikakolea, kijani chenye ubuluu, karibu na kaniki mpya. Loo, nilivyoumia! Hata uchafu, ukinawiri, unawiri kwake?

"Si upendeleo, Mama Athuman," Kibwana akaniambia. "Utando huu unaishi kwa mwanga, kama majani. Ndani una mitego midogo ya kunasia mwanga, na mitego hiyo ndiyo yenye rangi. Mwanga ukiwa haba, unajiongezea mitego, unakolea. Mwanga ukizidi, unaipunguza. Ya nini tena?"

Haya, nikakubali. Lakini tangu hapo, hata siku za zamu yangu, akishakula chakula changu anafuta mdomo: "Ngoja nikaangalie chupa ya kivulini. Bwana anataka nimweleze rangi yake kila siku." Akienda, harudi mpaka magharibi. Zamu yangu! Nawasikia wanacheka huko nyuma. Chupa gani hiyo inayochekesha?

Mke mwenza ni mke mwenza, jamani, msinione mbaya. Wivu ulinijaa. Nikasema, kama ni chupa anayoifuata, basi chupa itakaa kwangu. Hamisa alipokwenda kisimani nikaingia kwake, nikachukua ile iliyokolea, nikamwachia yangu iliyopauka palepale ilipokuwa. Iliyokolea nikaiweka mlangoni kwangu, kando ya mkeka wa Kibwana. Nikapika wali, nikajipaka wanja.

Akaja, akala, kiwiko chake kinagusa chupa. Akanawa mikono.

"Ngoja nikaangalie chupa ya kivulini."

Akaenda. Nikakaa kumngoja. Aliporudi alikuwa ananukia udi wa Hamisa.

"Vipi chupa yako?" nikamuuliza.

"Mashallah, inazidi kukolea," akasema, akijinyoosha mkekani. "Leo nimeitazama sana."

Kisha ile iliyokolea, iliyokuwa miguuni pake, akaisukuma kwa kisigino apate nafasi ya kulala.