Nukta za Baba

Ofisini walimwita Kalamu Nyekundu, naye jina hilo alilipenda kweli. Alikuwa mhariri wa vitabu vya shule, na sentensi ndefu zilimkera kuliko kelele za jenereta. Mtu akimletea aya isiyo na nukta, au yenye "yeye" asiyejulikana ni nani, alirudishiwa karatasi imejaa wino. Hakuwa na dogo.

Baba yake, fundi seremala aliyestaafu, alijifunza kutuma ujumbe wa simu uzeeni, na alipojua, hakushikika. Aliandika vile alivyoongea, bila kupumua. Siku moja akamtumia binti yake huu:

"mwanangu sisi hatujambo fundi wa paa alikuja na mbwa wake akapanda juu akateleza akaangukia kwenye pipa la maji mama yako akacheka mpaka akakaa chini akamfuta kwa taulo langu akaondoka nalo na wewe unakula vizuri"

Binti akauchapisha, akaujaza wino. Nani alipanda, fundi au mbwa? Nani alifutwa? Nani aliondoka na taulo? Nukta hapa, hapa na hapa. Akaupiga picha, akamrudishia mwenyewe. Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Karatasi aliibandika ukutani, juu ya meza ya chai, wahariri wapya wajifunzie, na ofisi nzima ikavunjika mbavu. Yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baba alijibu: "Asante, mwalimu."

Tangu hapo ujumbe wake ukawa wa kuhesabu maneno. "Tupo. Mvua imenyesha. Mama yako anakusalimu." Binti alifurahi, mzee ameelewa somo. Mtu mzima na akili zake timamu, wala hakujiuliza yale maneno mengine yalikuwa yamekwenda wapi.

Halafu mchana mmoja, binti akijimiminia chai ofisini, mama yake akapiga simu.

"Unakuja lini kumwona baba yako?"

"Kwani ana nini?"

"Hakukuandikia? Alianguka bafuni wiki iliyopita, akavunjika nyonga. Ameshapasuliwa. Mimi nilitaka kukupigia, akakataa katakata, akasema atakuandikia mwenyewe."

"Mbona sijapata kitu, mama?"

"Ameandika, mwanangu. Anamngoja mjomba wako arudi safari amkagulie nukta kwanza."

Uso ulimwaka moto. Baba yake amepelekwa kupasuliwa bila neno hata moja la binti yake, kisa nukta. Pembeni yake mwenzake mmoja alikuwa akimwonyesha mgeni ile karatasi ukutani, kidole kwenye neno "taulo", wote wawili hoi kwa kicheko. Binti aliibandua kwa nguvu hadi rangi ya ukuta ikatoka nayo. Wakamshangaa. Aliona aibu kuwaeleza, na aliona aibu zaidi kunyamaza, basi akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Hospitalini alimkuta baba ameegemea mito, amekonda, simu mkononi. Mzee alipomwona aliisukuma simu chini ya shuka upesi.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa. Ule ujumbe bado haujakaa sawa," alisema mzee, macho chini. "Nilitaka uwe safi kwanza. Nisije nikakuaibisha tena kazini kwako."

Kumbe alijua. Mjomba alipita ofisini siku moja, akaiona karatasi ukutani, akampelekea habari. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mimi ndiye niliyejiaibisha, baba. Nisamehe. Achana na kuandika, nisimulie tu kwa mdomo. Ilikuwaje?"

Mzee alikohoa kidogo, akajiweka vizuri.

"Nilikuwa bafuni," alisema. Akasita. "Sakafu ilikuwa na maji." Akasita tena, akamtazama binti yake usoni. "Mimi nilianguka. Mama yako alisikia kishindo. Mama yako alikuja. Mama yako aliniinua."

Binti alimshika mkono. "Ongea tu unavyopenda, baba. Tafadhali."

"Sawa," alisema mzee, akaanza kutafuta namna ya kuianza sentensi inayofuata.