Mistari ya Gari la Meneja

Karatasi ilikuwa imeshaandikwa, inangoja saini tu. Ilisema kwamba muosha magari, kwa uzembe wake, ameharibu mistari na maandishi ya stika kwenye vani zote sita za kampuni. Kwamba amekiri kosa. Na kwamba ataondoka kazini, na kwenye chumba chake cha nyuma ya yadi, kabla ya Ijumaa. Jina la aliyeiandika halikuwepo. Karatasi za namna hii hujiandika zenyewe.

Madereva walimwita Mama Sponji. Meneja alimwita shangazi, maana ndivyo alivyokuwa: dada wa baba yake, baba yule aliyeianzisha kampuni kwa vani moja mkweche, akafa akamwachia mwanawe sita nzima na kiti cha kuzunguka. Meneja huyu, alipokuwa kibogoyo wa miaka sita, alilala kwenye chumba hicho hicho cha nyuma, na homa zake zilibebwa na mgongo wa shangazi huyo huyo. Hilo halikuandikwa.

"Weka saini, shangazi, tuyamalize kifamilia," alisema.

"Kifamilia ungenifuata chumbani. Hapa umeniita ofisini."

Mama yake meneja alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani, ati shahidi. Akamwambia wifi yake kwamba umri umekwenda, mikono imekuwa mizito, na kupumzika si aibu. Aliyasema kwa sauti tamu ya mtu aliyekwisha kulipima dirisha la mwenzake kwa ajili ya pazia lake.

Mama Sponji aligeukia dirisha. Alikuwa anatazama nje, kwenye vani. Mistari ya buluu iliyopita ubavuni ilikuwa imebanduka kingo, imesimama kama masikio, na jina la kampuni limepoteza herufi tatu. Stika zile zile alikuwa amezitunza miaka tisa. Gari lipoe kwanza kivulini. Sabuni laini, sponji, na mkono utoke katikati ya mstari kwenda ukingoni, kamwe usirudi kinyume, kwani ukiusukuma ukingo kutoka nje unanyanyuka. Kinyesi cha ndege kinalowekwa, hakikwanguliwi. Petroli haisogei hata karibu. Mwisho kitambaa kikavu, kingo kwanza, maji yasijifiche chini yake.

Halafu ikaja mashine ya presha. Ilikuwa Jumatatu, meneja amevaa shati la njano na kijiti cha meno kimening'inia mdomoni. Mama Sponji alimwambia mbele ya madereva kwamba maji ya nguvu vile yataingia chini ya stika. Akajibiwa kwamba sponji ni mambo ya kizamani, kwamba mashine haina kosa, wenye makosa ni watu. Madereva wengine walicheka. Aliowaona wakicheka anawakumbuka mpaka leo, mmoja mmoja.

Na jioni ya Jumatatu ile ile meneja alirudi peke yake, akizungusha ufunguo kidoleni, akanong'ona: "Shangazi, langu usilipige presha. Langu lioshe kwa mkono." Lake lilikuwa jeusi, lina mistari miwili myeupe kutoka boneti, juu ya paa, hadi buti. Tangu siku hiyo vani zilipigwa maji kwa amri, na gari jeusi likapapaswa kama mtoto mchanga.

"Kwa hiyo mashine haina kosa," Mama Sponji alisema sasa.

"Haina."

"Niandikie hapo chini, kisha nitasaini."

Mama mtu alisema usiandike. Lakini meneja alikuwa na haraka ya kushinda. Akaandika, kwa mwandiko mkubwa, kwamba mashine ya presha haidhuru stika, akatia na saini yake yenye mikia. Shangazi akaichukua karatasi na kuomba watoke nje kidogo, awaonyeshe huo uzembe wake ulivyofanyika.

Uani madereva walikuwa wanakunywa chai. Aliliburuta bomba, akaiwasha mashine, akazipita vani moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Akasimama mbele ya gari jeusi. Mdomo wa bomba akauelekeza kwenye ukingo wa mstari mweupe, karibu kiasi cha shubiri, kidole kikiwa juu ya kifyatulio.

"Weka chini hicho kitu," meneja alisema.

"Haina kosa."

"Shangazi, weka chini. Utaning'olea mistari."

Vikombe vilitulia. Dereva mmoja waliyemwita Kidevu, ambaye ile Jumatatu alicheka kuliko wote, akainuka taratibu.

"Rudia kidogo, meneja. Wa nyuma hatujasikia."

Mama Sponji aliizima mashine bila kutoa hata tone, akaitandaza karatasi juu ya boneti jeusi, akamwamuru Kidevu aandike chini ya saini yenye mikia maneno yaliyosemwa sasa hivi, kama yalivyosemwa. Kidevu akaandika, akakandamiza kalamu. Kisha madereva wakapanga foleni, kila mmoja akiegemea boneti la bosi kwa chuma cha mkanda wake, wakatia saini. Meneja alisema wataona. Hakuna aliyeinua kichwa kumtazama. Wifi alikuwa ameshaingia ndani na mkoba wake.

Pale palipongoja jina la muosha magari palibaki peupe. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Ijumaa ilimkuta yadini, ndoo na sponji mkononi, akiosha vani kivulini, akilaza herufi zilizobaki. Alipofika kwenye gari jeusi alimwaga maji machafu kando, akaivuta mashine ya presha na kuiegesha ubavuni mwake, bomba tayari limeunganishwa. Aliyetaka lioshwe, angeliosha mwenyewe.