Mwenye Jicho Moja Nyumbani Kwetu

Binti yetu tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Akirudi shule, kabla hajatua mkoba, sisi tumeshajua nani kagombana na nani. Mume wangu ni fundi cherehani. Mimi hupiga pasi na kutia vifungo kwenye chumba hicho hicho cha mbele tunachoshonea.

Siku moja akaingia kimya. Baba yake akasimamisha kazi.

"Mama, mtazame mwanao. Anaumwa?"

"Siumwi, baba. Mwalimu wa Kiswahili kalikataa shairi langu."

Walikuwa wamefundishwa tashihisi, yaani kukipa kitu tabia za mtu: kiseme, kinune, kione wivu. Chiriku akaandika kwamba jua linatabasamu na upepo unanong'ona. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, jua hili linatabasamu madaftarini tangu mimi nasoma. Mashavu yake yamechoka. Niletee kitu unachoishi nacho mpaka unazijua hasira zake."

Baba yake akacheka, akarudi kukanyaga cherehani yake. Mara uzi ukakatika.

"Umenuna tena?" akaiambia cherehani. "Si juzi tu nimekupa mafuta?"

Chiriku akageuza shingo, akamtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Tangu hapo kila jioni alikaa kwenye kigoda karibu na kanyagio, anasikiliza, anaandika, anafuta. Nikimuuliza anasema, "Mama, vuta subira."

Siku ya wazazi ukumbi ulifurika. Fundi alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, na wifi yangu, dada yake, akajibana katikati yetu. Chiriku akapanda jukwaani, akasafisha koo:

*Yupo wa pili nyumbani, baba humkimbilia,*
*Ana jicho moja chini, nalo halijasinzia,*
*Asipopakwa mwilini mafuta, hutulilia,*
*Kamng'ata kidoleni, baba amevumilia.*

Wifi akanigeukia, macho yamemtoka.

"Wifi! Kaka yangu kaoa, na mimi sijaambiwa?"

"Nyamaza, wifi, tusikilize."

"Tena chongo!"

Nyuma yetu mtu akaguna. Fundi alivikodolea macho viatu vyake, jasho likimtiririka shingoni. Nisiseme uongo, hata mimi moyo ulinipiga pa! Lakini kidole kile nilikifunga kitambaa mimi mwenyewe, siku sindano ilipopita ukuchani. Kicheko kikanipanda, nikaziba mdomo kwa kiganja. Chiriku naye hakuharakisha. Akamalizia kwa ubeti wa mwisho:

*Ndiye aliyenivika sare ninayoivaa,*
*Hata baba akichoka, mwenzake hajakataa,*
*Chuma, lakini hucheka nyumba yetu ikijaa,*
*Cherehani, umefika, na jina lako lang'aa.*

Watu wakaangua kicheko, kisha makofi, kisha vigelegele. Wifi alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, labda kwa sababu ya aibu. "Nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni niende kumtoa!" akaniambia.

Mwalimu akasimama. "Mmeona? Hakutuambia cherehani ni kama mtu. Kaiacha iishi, iume, ilie, icheke, na nyote mkaamini kuna mke mwenza. Na kila neno ni kweli, kwa sababu kakaa nayo akaitazama. Hiyo ndiyo tashihisi." Kisha akauliza, "Mzazi wake yuko wapi?"

Sasa, mume wangu si mtu wa mikutano. Kwenye vikao vya ukoo yeye huitikia tu na kushukuru kwa chakula. Nilijua atanyanyua mkono kidogo na kuurudisha chini. Lakini alisimama wima, akafunga kifungo cha koti, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ni mimi," akasema. "Naitwa fundi. Mtunzi huyu nimemzaa mimi na mama yake huyu hapa." Akaniinua kwa mkono. Shingo yangu, ewe, ilinyooka yenyewe.

"Mwalimu, nina ombi moja," akaendelea. "Mwanzo sikusikia vizuri. Nilikuwa naogopa." Ukumbi ukacheka tena. "Naomba mwanangu arudie. Na safari hii polepole."

Chiriku akatabasamu, akarudia kuanzia ubeti wa kwanza. Baba yake alisikiliza akiwa amesimama, mpaka neno la mwisho, na hakuna aliyemwambia aketi.