Tutafuta Video Zako

Kampuni yetu ilipoanza hapa Same tulikuwa wawili, Edgar na mimi, na mteja mmoja: mzee Zebedayo wa Maore, fundi wa mizinga ya nyuki. Tulimrekodi akiwafundisha wanunuzi kutundika mzinga, tukaihifadhi video mtandaoni, nao wakawa wanaitazama kwa simu. Dakika kumi na nne za sauti yake, Kiswahili kikichanganyika na Chasu, yaani Kipare.

Leo tuna wateja mia sita, mabenki na mahospitali mpaka Dar. Edgar kahamia huko. Simu za wateja hatupokei tena, mtambo ndio unaojibu kwa ujumbe. Watu wanasema tumekua. Mimi nasema tumevimba.

Mwezi uliopita nafasi ya kuhifadhi ilijaa, Edgar akaagiza video zisizotazamwa zifutwe, mradi mwenyewe akubali. Ujumbe wa kuwauliza niliuandika mimi, mbiombio, huku nikijiona mtaalamu: "Tutafuta video zako za zamani. Ukikubali, jibu NDIYO."

Jana asubuhi aliingia mama Eliwaza, mjane wa mzee Zebedayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Prisca. Nimefuata ile video. Jumamosi tunaweka msalaba kaburini, nataka wajukuu wamsikie babu yao. Simu yake iliibiwa Hedaru, sina sauti yake mahali pengine."

Niliifungua akaunti ya mzee, iliyosajiliwa kwa namba ya mama. Ilikuwa tupu. Nikampigia Edgar, akasema kilichofutwa hakirudi, nimpe mama pole, yeye yuko kikaoni.

"Mama, video haipo," nikasema.

"Haipo vipi, na mlisema mnaitafuta?" Akanipa simu yake. "Niliwaandikia mnitafutie video ya marehemu. Kesho yake tu mkajibu."

Nikausoma ujumbe wangu kwa macho yake. Ningeandika "tutazifuta" asingekubali kamwe. Herufi mbili tu. Niliona aibu.

"Hatukusema tutaitafuta, mama. Tulisema tutaifuta. Niliandika vibaya, kosa ni langu."

Alilirudia lile neno taratibu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaichukua simu, akatazama chini ya ujumbe wangu, penye jibu lake.

"Nilijibu ndiyo," akasema. "Tena nikawashukuru."