Kisu cha Bi Harusi

Mjomba wangu Nyale, ndugu wa mama, ana ukaidi ambao hata sijui nianzie wapi kuueleza. Mtu huyu alifanya kazi melini miaka na miaka, akarudi kwao Mtongwe na kasha la bati limejaa visu vya kukunja, na tangu hapo hana zawadi nyingine duniani. Umezaa, kisu. Umefaulu mtihani, kisu. Umetoka Hija masikini ya Mungu, umechoka, umekuja na tende zako, yeye anakungoja na kisu. Na hampi mvuvi wala mchinjaji. Huwapa watu kama mimi ninayeuza madera, tusio na habari na visu. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, kwani usiwape wenye kuvitumia?" Akanijibu, "Hao wanavyo, Nadira."

Na Likoni yetu ya leo mnaijua. Polisi wakimkuta kijana na kisu mfukoni, atafika kwao lini, Mungu ndiye ajuaye. Basi visu vya mjomba vikalala makabatini. Changu kilikaa kwenye droo pamoja na mishumaa na vifungo, nikikitoa mara moja moja kufungulia mfuko wa unga.

Tena ni visu vya ajabu, havina ncha. Ubapa wake kwa mbele umekatwa mraba, kama kucha. Mtu akikiona mara ya kwanza hucheka: kisu gani hiki, hata papai hakitoboi! Mjomba hajibu. Ila ana masharti. Hakupi mkononi, maana kwetu kisu hakipeanwi mkono kwa mkono. Huwekwa chini, ukaokota mwenyewe, msije mkagombana. Kisha atakuambia ukifungue kwa kidole gumba, mkono mmoja. Kisha ufumbe macho, ukifungue tena. Na kila Idi ukienda kumwamkia, hata halua hujaigusa, atakuuliza, "Kiko wapi?" Huna? Atakutolea chake, ufanye vile vile. Tangu wakiwa wadogo, watoto wangu walikuwa wakifunguzwa visu hivyo, na sisi tukicheka hadi tunashika mbavu.

Basi mwanangu Sabah akaolewa na Ismail, kijana wa Shika Adabu, mpole, hana neno. Neno analo mamake. Bi Mishi ni mwanamke wa heshima zake, simvunjii, lakini akisema limesemwa. Siku ya kumtunza bi harusi watu wanaleta vitu vyao: huyu seti ya sufuria, huyu zulia, huyu blenda, na vigelegele juu. Mara mjomba Nyale huyo, na kanzu yake na fimbo yake, anapita katikati ya wanawake. Nikajua. Akainama kwa taabu, akaweka kisu mkekani, mbele ya miguu ya Sabah yenye hina.

"Mjukuu wangu," akasema.

"Abee, babu."

"Fungua."

Sabah, kwa adabu zake, akakiokota, akakifungua. "Fumba macho, fungua tena." Akafumba, akafungua. Wanawake wakaangua kicheko. Bi Mishi hakucheka.

"Bi harusi apewe kisu?" akasema, ukumbi mzima ukimsikia. "Ndoa ya mwanangu mwaitaka ikatwe kabla haijaanza?"

Kuanzia hapo, kila lililotokea nyumbani kwake lawama ilikuwa ya kisu. Maziwa yamemwagika, kisu. Ismail ana homa, kisu. Siku wale watoto walipokosana, ugomvi wa chumvi tu, wa watu wanaojifunza kupika pamoja, Bi Mishi akanipigia simu. "Mkwe wangu, kisu kirudi kwa aliyekitoa, na mimi nishuhudie kikiwekwa mkekani kwake. Kisiporudi, atarudi mwanao."

Sabah alilia hadi macho yakamvimba. Anampenda mumewe, na mumewe ampenda, lakini Ismail si kijana wa kusimama mbele ya mamake akasema la. Mimi hasira zangu zote zilikuwa kwa mjomba. Mzee mzima, badala ya kununua hata bakuli!

Tukaondoka asubuhi ya Jumapili. Bi Mishi alimkataza Sabah kukitia kisu mkobani, ati kisikae na Msahafu. "Kishike mkononi tukakitue huko," akamwambia. Sabah akakikamata, kimefungwa, ndani ya ngumi. Tulichukua pikipiki mbili. Wao walipanda mshikaki ile ya mbele, Sabah katikati, Bi Mishi nyuma kabisa, amekaa upande, mtandio ameuzungusha shingoni mara mbili kwa sababu ya vumbi. Mimi nilikuwa nyuma yao.

Njia pale ni mbovu, pikipiki zikenda kwa kujikokota, na hiyo ndiyo ilikuwa rehema ya kwanza. Niliiona ncha ya mtandio ikipepea karibu na gurudumu. Nikapiga ukelele, "Mtandio!" Hawakunisikia. Gurudumu likaudaka.

Bi Mishi alivutwa kinyumenyume akaanguka, kichwa kikabaki kimebanwa kando ya gurudumu. Dereva akasimama papo hapo, akajaribu kulirudisha gurudumu nyuma. Wapi! Nguo ilikuwa imeingia kwenye mnyororo, kila akitikisa ndivyo inavyozidi kukaza. Bi Mishi alikuwa akipiga miguu, midomo imegeuka rangi, wala sauti haitoki. Mimi nilichoweza ni kuita jina la Mwenyezi Mungu. Muuza madafu akaja mbio na panga lake, akalinyanyua, akabaki hapo hapo. Alitie wapi? Mtandio ulikuwa umezama nyamani. "Nitamchinja!" akawa analia mtu mzima yule. "Jamani, nitamchinja mama wa watu!"

Ndipo nikamwona Sabah amepiga magoti, amefumba macho. Nikasema, amezimia huyu kwa hofu, nimekwisha. Kumbe kidole gumba kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Kisu kiko wazi. Akafumbua macho, akakilaza ubapa shingoni mwa mkwewe, akakisukuma polepole kati ya ngozi na nguo. Ile ncha isiyokuwepo, ile tuliyoicheka miaka yote, ikapita pale ambapo ncha yoyote nyingine ingetoboa mshipa. Akageuza makali nje, akavuta. Mzunguko wa kwanza ukaachia. Akavuta tena.

Ile pumzi ya kwanza ya Bi Mishi sitaisahau mpaka naingia kaburini. Muuza madafu aliweka panga chini, akakaa kando yake. Nilimtazama Bi Mishi shingo: alama ya mtandio ipo, nyekundu, lakini ya kisu hakuna hata mchubuko. Subhanallah! Nilimtazama mwanangu huyu niliyemzaa, asiyejua hata kuchinja kuku, nikamwona mkubwa kuliko mimi. Nikakumbuka na droo yangu, na madroo yote ya Likoni yenye visu kama kile, nikaona haya na nikaona hofu.

Tukataka kumpeleka zahanati. Bi Mishi akatikisa kichwa, akanyoosha mkono upande wa Mtongwe. Tukamwambia daktari kwanza. Akanyoosha mkono tena. Basi tukenda kwa miguu, tumemshika huku na huku.

Mjomba alikuwa barazani kwake, kwenye mkeka, anakunywa uji. Alimtazama Bi Mishi shingo, akaweka bakuli chini. Hakuuliza kumetokea nini.

"Nguo?" akasema.

"Nguo, babu," Sabah akajibu. "Gurudumu la pikipiki."

Mjomba akasema, na hili hakuwahi kuniambia katika maisha yangu yote: "Kwetu melini ilikuwa kamba. Ilimnasa rafiki yangu Kiponda shingoni namna hiyo hiyo. Tulikuwa watu tele tumemzunguka, wala hapana aliyekuwa na kisu. Wenye visu walikuwa chini, wamelala."

Alikuwa akilia, mjomba wangu, na mimi nikalia. Jibu lake la siku ile likanirudia, hao wanavyo.

Sabah hakujua afanye nini. Tulikuwa tumetumwa kazi, na aliyetutuma ndiye huyo tumemshika. Akakikunja kisu, akakiweka mkekani mbele ya mjomba, kama alivyoamriwa. "Babu, tumekuja kukurudishia," akasema.

Bi Mishi akajishusha taratibu mkekani. Akakisukuma kisu kwa vidole, kikaburuzika mpaka kwenye goti la Sabah, na akakiwekea mkono juu mpaka Sabah alipokiokota. Kisha akamgeukia mjomba. Sauti ilimtoka imekwaruza, maneno yake ya kwanza tangu pale njiani.

"Na changu kiko wapi?"