Ratiba ya Muda

Shule yetu ilipotangazwa kuongezewa mikondo, kila mtu alifurahi isipokuwa mwalimu wa taaluma, maana yeye ndiye anayepanga vipindi. Wazazi walifurahi, diwani alifurahi, mkuu wa shule alishona suti. Madarasa mapya yalisimama upande wa mashamba ya pamba, na Januari kidato cha kwanza wakaingia wengi hadi wengine wakakaa watatu watatu kwenye dawati moja huku rangi ya ukutani ikiwashika mashati. Sylvester Mboje, mwalimu wetu wa taaluma, akabandika karatasi kubwa ya manila kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, akachora miraba kwa kalamu ya risasi, na juu yake akaandika: RATIBA YA MUDA.

Meza yangu iko chini ya manila ile. Naitwa Lukresia, nafundisha Kiswahili, na yanayosemwa ofisini yananifikia hata nikiwa nimeinamia madaftari.

Aliyeanza kwenda kwa Sylvester na shida yake alikuwa mke wake mwenyewe. Minza anafundisha Hisabati hapa hapa. Walikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, ndugu wa mume wakasema waliyosema, hata Oktoba iliyopita alipozaliwa Sayi na maneno yakaisha. Sasa likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, mtoto yuko nyumbani Somanda na bibi yake, mama yake Minza, aliyetoka Sapiwi kuja kulea.

"Mwalimu," Minza alimwambia mumewe, kwa kuwa kazini waliitana hivyo, "naomba vipindi vya katikati ya asubuhi uniachie wazi. Nichukue bodaboda, nimnyonyeshe mtoto, nirudi. Mchana nipange unavyotaka, hata mpaka kengele ya mwisho."

Hakuwa anaomba zawadi. Sheria inampa mama anayenyonyesha nafasi ya kutoka kila siku, na Winnie wa Biolojia alipojifungua, Sylvester huyu huyu alimpangia bila kuombwa mara mbili.

"Subiri ratiba itulie," Sylvester akasema. "Ikitulia nitakuwekea."

Niseme ukweli, kazi yake haikuwa nyepesi. Hisabati hapa kwetu ni somo la asubuhi. Mwanafunzi akishashiba makande, jua limekaa juu ya bati, ukimwandikia milinganyo ubaoni anakuangalia tu kwa heshima. Kumwachia Minza asubuhi maana yake mkondo mmoja au miwili isome Hisabati mchana, na mwalimu mwingine apandishwe asubuhi badala yake. Lakini hilo linapangika. Kilichomshinda Sylvester ni kitu kingine. Mwalimu wa taaluma aliyemtangulia alikuwa na rafiki yake wa kike hapa ofisini, akawa anampangia vipindi vilivyonona, Ijumaa mapema yuko nyumbani. Walimu walimsema mpaka akaachia cheo. Sylvester aliyaona hayo yote, akajiapiza kwamba mkewe hatapata hata kipindi kimoja cha upendeleo. Basi akampa vya kuonewa, ili tuone.

Na sisi tuliona. Hakuna aliyemsifu.

Ratiba haikutulia. Februari wakaletwa wanafunzi wa uhamisho, mkondo mwingine ukafunguliwa, Sylvester akafuta miraba akachora upya. Machi mwalimu wa Fizikia akaenda masomoni. Aprili mvua ikaezua bati la darasa moja na watoto wakachanganywa. Kila manila mpya ilipobandikwa, Minza alisimama mbele yake, kidole kikifuata mstari wa vipindi vyake, kisha akarudi kuketi. Kila mara alikuwa amejazwa asubuhi nzima.

Alianza kuvaa sweta. Joto la Bariadi mnalijua, watu tunatafuta kivuli cha ukuta, yeye amefunga vifungo mpaka shingoni. Siku moja nilimkuta stoo ya maabara, amegeukia ukuta, anakamulia maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Machozi hakuwa nayo. Alikuwa na haraka tu, kwa sababu kidato cha tatu walikuwa wanamsubiri.

"Nenda kwa mkuu wa shule," nikamwambia. "Haki yako iko kwenye sheria."

"Nikaseme nini, dada Lukresia? Kwamba mume wangu amekataa nimnyonyeshee mtoto wake?" Akamwaga maziwa kwenye sinki, akafungua maji. "Ananiambia ratiba ikitulia. Ngoja itulie."

Nilikasirika sana siku ile, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Sylvester si mtu mbaya. Angekuwa mlevi au mkorofi ningejua la kumwambia. Huyu anafika shule kabla ya mlinzi hajazima taa, anasimamia masomo ya jioni, akirudi nyumbani anatandika manila mezani na kuendelea. Mtoto waliyemsubiri miaka yote hiyo analala chumba cha pili, na baba yake anahesabu vipindi vya Uraia.

Mwezi wa tano, siku ya Jumamosi, nilipita kwao kuwasalimia. Nilimkuta Minza ameketi mkekani, Sayi mapajani, titi liko nje. Mtoto aligeuza uso. Akamrudisha taratibu, mtoto akageuza tena, akalia, akanyoosha mkono kwenye chupa aliyoishika bibi.

"Amekataa, mayu," bibi akamwambia bintiye kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na hata angekubali, humo hamna kitu. Yamekauka. Usimtese, mwache anywe cha kwenye chupa."

Minza akafunga blauzi. Akamkabidhi mama yake mtoto, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa, ingawa sikuwa na hamu nayo. Sylvester alikuwa shuleni.

Julai kidato cha tano kikaja. Tukaletewa walimu wapya, mmoja wao wa Hisabati, na mkuu wa shule akataka ratiba moja ya kudumu, safi, ya kuonyesha wakaguzi. Sylvester aliifanyia kazi likizo nzima. Siku ya kufungua shule akaibandika, imeandikwa kwa wino, ina rangi kwa kila somo, na kweli ilipendeza. Nilitafuta mstari wa Minza. Katikati ya asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, miraba ilikuwa myeupe.

Sylvester alisimama pembeni ya manila mikono nyuma, anatusubiri tuseme. Alikuwa amejiandaa, nadhani hata maneno ya kujitetea alikuwa nayo. Walimu walikuja, wakasoma, wakanakili vipindi vyao, wakaondoka. Tajudin wa Historia, ambaye ulimi wake tunauogopa sote, alikuta ametolewa mchana na kupandishwa asubuhi kumpisha Minza. Akasoma mara mbili.

"Hivi hiki ndicho kilichokuwa kinakusumbua?" akamuuliza Sylvester. "Ungesema tangu Januari. Asubuhi, mchana, kwangu sawa. Mtoto anyonye bwana, nani angekusema kwa hilo?"

Akachukua chaki zake akaenda darasani. Sylvester akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Niliangalia pembeni, kwa sababu nilijua, na yeye hakujua.

Kengele ya vipindi vile ikalia. Ofisi ikabaki na sisi watatu. Minza alikuwa mezani kwake anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu haisimami.

"Mama Sayi," Sylvester akamwita, na hapo kazini sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Muda wako huu. Nimeongea na kijana wa bodaboda, yuko getini."

"Niende wapi?"

"Nyumbani. Ukamnyonyeshe mtoto."

Minza akaweka kalamu chini. "Sayi aliacha ziwa mwezi wa tano."

Sylvester alimtazama, kisha akaitazama ratiba, kisha akamtazama tena. "Mwezi wa tano?"

"Hukuona chupa?"

"Niliziona. Nilidhani ni za mchana, ukiwa kazini." Sauti yake ilishuka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia Januari."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angepaza sauti. Alifunga daftari lililokuwa mbele yake, akachukua lingine.

"Yule mwalimu mpya hawezi kubeba kidato cha tano peke yake," akasema. "Vipindi hivi visikae bure. Niandike mimi, Mwalimu, mkondo wa pili. Nitaanza leo, wapo darasani bila mtu."

"Minza."

"Andika tu. Watoto wa watu wanasubiri."

Sylvester alitoa kalamu ya wino mfukoni. Mkono wake ulichelewa juu ya mraba wa kwanza, halafu akaandika jina la mke wake, na somo, na mkondo, siku ya kwanza mpaka ya tano. Minza alingoja mpaka amalize, akahakikisha kwa kidole, akachukua kitabu na chaki, akatoka. Tukamsikia akiwasalimia wanafunzi chumba cha pili, nao wakasimama wote kwa pamoja kumwitikia.

Sylvester hakuketi. Alibaki ameelekea ukutani, kalamu haijafungwa.

"Mwalimu Lukresia," akasema, bila kugeuka. "Wewe umelea watatu. Mtoto akishaacha hivyo, hawezi kurudia?"

Nilitamani niwe na jibu lingine. Nikamwambia hapana, kwa sasa hapana.

"Hata nikimwachia asubuhi yote?"

"Hata hivyo, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoka kwenda getini kumwambia kijana wa bodaboda aende zake.