Kidole Gumba cha Kaka

Kaka yangu hununua vitu kwa kidole gumba. Mkate ataubonyeza, godoro atalibonyeza, nyanya za watu atazibonyeza sokoni mpaka zitoe maji, na akienda kutazama gari atabonyeza tairi huku amekunja uso kama fundi. Kisha atatamka, "Hiki kizima," au "Hiki kibovu," na hakuna wa kumbishia, maana mwenye hela ni yeye. Kidole chenyewe kifupi, kipana, na ukucha wake una ufa uliojaa weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Tangu utotoni sili tunda alilotangulia kuligusa. Nyumbani wananiita Bibi Kinyaa, na mimi naitika. Afadhali mmoja wetu awe nacho, kwa sababu hao wengine nimewaona wakila.

Zahanati ninayofanyia kazi ni yake. Alikuwa akiuza saruji na mabati, na bado anauza, ila siku moja aliamka akasema atafungua zahanati kwa kuwa mdogo wake ni daktari. Mdogo wake ndiye mimi. Kazi yangu ni kusoma picha za eksirei. Nakaa kwenye chumba chembamba chenye mapazia meusi, mpiga picha anawasimamisha watu chumba cha pili, na picha zao zinanijia kwenye kioo cha kompyuta. Nyingi ni vifua.

Asubuhi moja monita yetu ya zamani ilizima katikati ya kazi, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, basi. Nikamwambia Kaka tununue kioo cha hospitali, kile kilichotengenezwa kwa kazi hii. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Huwa nacho wakati wote, awe amekula au hajala, na akiongea kinahama upande mmoja kwenda mwingine kikiwa kimelowa.

"Mapafu yana rangi ngapi?" akaniuliza.

"Kaka, si suala la rangi."

"Nyeusi na nyeupe. Sasa kwa nyeusi na nyeupe unataka kioo cha bei ya nyumba? Kioo ni kioo, mdogo wangu."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Ugonjwa mbaya wa kifua ukianza huwa ni kadoa tu, keupe, kametulia katikati ya weusi wa pafu. Kioo kikiwa na doa lake chenyewe, ipo siku nitamwambia mtu nenda nyumbani, na mtu huyo hakutakiwa kwenda nyumbani. Kaka alisikiliza vizuri. Halafu akasema twende wote dukani, nichague mwenyewe kisicho na doa, mradi kiwe cha kawaida. Nikakubali kwa sababu watu walikuwa wamejaa kwenye benchi nje, wanakohoa.

Duka lilikuwa chini ya ngazi, na mwenye duka alitaka aitwe Mtaalamu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye fulana yake. Vioo vyote vilikuwa vinaonyesha video ileile ya samaki wa rangi rangi wanaogelea kwenye maua ya baharini. Ujanja wa kizamani huo. Mbele ya samaki wale hata kioo kilichopasuka kingependeza.

"Toa samaki," nikamwambia.

"Dada, hii ndiyo picha ya kupimia. Ona ubora huo! Ona mapezi!"

"Mimi siuzi samaki. Toa."

Nilikuwa na flashi yangu yenye kurasa tupu: moja nyeusi tii, moja nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, na ya kijivu. Hakuna njia nyingine ya kukikagua kioo. Unakivua nguo, unakitazama rangi mojamoja, kona kwa kona. Mtaalamu aliichomeka flashi kwa uso wa mtu aliyeombwa avue viatu. Kabla ya kuwasha alikipumulia kioo, "haa," pumzi ya vitunguu vya jana, akakifuta kwa upindo wa fulana iliyokuwa inanata tumboni. Nikatoa kitambaa safi kwenye mkoba wangu, nikakifuta upya, na Kaka akacheka.

"Msamehe," akamwambia Mtaalamu. "Huyu hata maji huyaosha."

Tulizima taa. Kioo cha kwanza, kwenye ukurasa mweusi, vilijitokeza vinukta viwili, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, vimekodoa kama macho ya panya. Mtaalamu akasema viwili si ubovu, kiwanda kinaruhusu. Nikamwambia mimi si kiwanda. Cha pili kilikuwa sawa kwenye weusi, ila kwenye weupe pembeni kuna unjano wa kwapa la shati kuukuu. Boksi la cha pili lilikuwa na gundi juu ya gundi, na ndani ya mfuko wake kulikuwa na unywele mrefu uliojiviringisha. Kipya, anasema! Nilimuuliza unywele ni wa kiwandani, akajibu kwamba wanawake wengi wanafanya kazi viwandani siku hizi. Kaka akalipenda sana jibu hilo. Mimi nilinawa mikono kwa maji ya chupa palepale dukani.

Cha tatu kilikuwa kizuri. Nasema kweli. Weusi wake ulikuwa weusi, kona zote zimetulia, nyekundu safi, kijani safi, kijivu hakina wingu. Moyo wangu ulianza kulegea. Nikarudi kwenye ukurasa mweupe kwa mara ya mwisho, na hapo nikamwona anatembea.

Mdudu. Mdogo kuliko punje ya mtama, mwembamba, ana miguu. Nilipitisha kitambaa, kitambaa kikapita juu yake naye akaendelea na safari. Alikuwa ndani. Ameingia kwa mwanya wa nyuma, akajipenyeza mpaka kati ya kioo na taa zake, na sasa anazurura kwenye weupe ule kama mwenye nyumba. Ngozi ilinisisimka mpaka kisogoni.

"Mwacheni alivyo," nikasema. "Tuzime, tukilaze, atatoka alikoingilia. Akifia humo atabaki humo. Mtu asiguse..."

Sikumaliza. Kidole gumba cha Kaka kilikuwa kimeshafika. Alikibonyeza kioo kwa nguvu zile za kupimia tairi, akazungusha kidogo ili amsage vizuri, na kioo kikatoa mlio mdogo. Alipotoa kidole palikuwa na alama ya mafuta ya maandazi aliyokuwa anakula garini. Chini ya mafuta, mdudu alisimama kidogo, kisha akaendelea na safari zake kuelekea kona ya chini, mzima wa afya.

Nikaweka ukurasa mweusi. Upande wa juu, karibu na katikati, palipobonyezwa, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa ukucha, lenye ukungu pembeni.

"Mmebonyeza, mmenunua," Mtaalamu akasema kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Nilitegemea Kaka aone aibu. Kaka alianza kupatana. Alimwonyesha Mtaalamu doa lake mwenyewe kama vile amelikuta, akalalamika, akataja mdudu, akapandisha sauti, na mwishowe akapunguziwa bei. Alitoka pale amebeba boksi begani anapiga mluzi. Aliona amempiga mtu bao. Mimi nilitembea nyuma yake nikitazama kile kidole kimeshika boksi.

Tulikifunga. Nifanye nini, na watu wako kwenye benchi? Mdudu alionekana wiki ile yote, kisha akatokomea. Doa lilibaki. Kifua chochote kilichokuja kilikuwa na doa lilelile, juu kidogo ya moyo, cha mzee na cha kijana, cha mnene na cha mwembamba. Nikaweka sheria: hakuna picha inayosomwa kabla ya kusogezwa. Unaishika kwa kipanya, unaivuta kando, unatazama. Doa la kioo halihami. La mtu linahama na mtu wake.

Mpiga picha alifuata sheria hiyo mwanzoni, kisha akaizoea, na mtu akishazoea, umakini huwa umekwisha. Alianza kuchungulia mlangoni na kusema, "La kioo hilo, daktari," kabla sijagusa kipanya. Wauguzi nao wakalijua. Wakaliita Bosi. "Huyu mama naye ana Bosi," wanacheka. Kaka mwenyewe aliposikia alifurahi kwamba yumo ndani ya kifua cha kila mtu. Alikuwa akija chumbani kwangu na sahani, anakula amesimama, na ananionyesha doa kwa kidole kile kile chenye mchuzi. Kila akiondoka nakifuta kioo na kumtukana kimoyomoyo. Kioo kingine alikataa. Alisema doa limekaa vizuri, tena linanifanya niwe makini.

Kikohozi chake kilianza kama vicheko vyake vyote vinavyokwisha, kwa kukwaruza. Nikamwambia apige picha. Akasema ni vumbi la saruji. Nikamwambia tena, akasema ninamtafutia ugonjwa ili nipate kioo kipya. Alikuwa anakohoa kwenye leso, anaikunja, anairudisha mfukoni, na jambo hilo lilinitia kinyaa kiasi kwamba nilikuwa nakwepa kukaa karibu naye mezani. Ni wifi yangu, mke wake, aliyemleta siku moja baada ya chakula cha mchana, amemshika mkono wa shati kama anayempeleka mtoto kunyolewa.

"Usiku halali, na mimi silali," wifi akaniambia. "Mpige hiyo picha, nijue moja."

Mpiga picha alimsimamisha, akamwambia avute pumzi, abane. Kisha Kaka akaja chumbani kwangu anafunga vifungo, akasimama nyuma ya kiti changu. Wifi alibaki nje kwenye benchi. Kijiti cha meno kilikuwa karibu na sikio langu, nikisikia anavyokitafuna.

Picha ikafunguka. Mbavu zake, moyo wake, mapafu yake mawili makubwa ya mbeba saruji. Na juu kidogo ya moyo, mahali pake pa siku zote, doa.

"Bosi huyo!" Kaka akasema. "Nimejiingia mwenyewe sasa."

"La kioo hilo, daktari," mpiga picha akadakia mlangoni, wakacheka wote wawili. Kaka akamalizia kwa kukohoa.

Nilishika kipanya nikaivuta picha kando, polepole, kama ninavyoivuta ya kila mtu. Doa lilibaki pale pale. Na kutoka chini yake likatoka jingine, dogo kuliko lile, lenye kingo za kuparuza, likaondoka pamoja na mbavu zake.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa mpiga picha. Akafunga mlango kwa nje, taratibu.

"Rudisha," Kaka akasema.

Nikairudisha. Madoa mawili yakawa moja.

"Si unaona? Ni kioo."

"Kaka."

"Sogeza tena."

Nikasogeza tena. Lile dogo likatoka tena. Nilimwambia kwamba doa peke yake halijasema ni nini, kwamba itabidi kesho nimpeleke hospitali kubwa wakamchunguze, kwamba nitakwenda naye. Nilisema yote hayo kwa sauti yangu ya wagonjwa. Nilikuwa nakitafuta kile kinyaa nilichotembea nacho miaka yote, angalau nipate pa kushikilia, sikukiona. Kilichokuwepo ni hofu tupu, na kaka yangu.

Alitoa kijiti mdomoni akakiweka juu ya meza yangu, kimelowa, karibu na mkono wangu. Sikukiondoa. Aliinama akakitazama kioo kwa karibu sana, pumzi zake zikaweka ukungu juu yake. Kisha akanyoosha kidole gumba, akalilenga lile doa dogo, akabonyeza. Alibonyeza kwa nguvu zake zote mpaka ukucha ukawa mweupe, akazungusha kidogo, kama alivyofanya kwa yule mdudu.

Nikauweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikauacha hapo.